Nafasi Wazi Katika Habari ya Tumpe

Tumbo langu lilianza kuniuma asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi, na sina hakika kama limeacha. Nalisema hili mapema ili ninyi vijana mlionibebesha kazi hii ya kuandika msije mkadhani mnasoma habari za mtu jasiri. Kwenye sherehe ya kuniaga mlisimama mmoja mmoja mkasifu utulivu wangu wa uongozi. Utulivu ule, wanangu, ulikuwa ni kubana tumbo.

Habari za vyeo sitaziandika. Zimo kwenye jalada, na jalada mnalo.

Nilianza kama mpiga taipu. Uhuru ulikuwa bado mpya, na sisi wasichana tuliokuwa na darasa kidogo tulikuwa tukitafutwa kama sukari. Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale sokoni Tukuyu, kwenye baraza la duka la Mwislamu mwenzake, na alitaka nikae naye nishone vifungo. Mama ndiye aliyesema niende. Gazeti letu la wilaya lilikuwa na chumba kimoja na kiambaza cha mbao katikati. Upande huu taipureta mbili na meza ndefu, upande ule mashine ya kudurufu na fundi wake, ambaye aliisemesha kama watu wanavyosemesha ng'ombe wa maziwa. Lilikuwa gazeti la kurasa chache kwa ajili ya watu wazima waliokuwa wametoka kujifunza kusoma. Herufi kubwa, sentensi fupi, na bei ya mbolea ukurasa wa mbele.

Asiyewahi kufanya kazi ya karatasi Tukuyu hajui unyevu ni nini. Ukungu uliingia chumbani bila hodi. Karatasi zilivimba, zikashikana, mashine ikazitafuna. Tuliweka jiko la mkaa chini ya meza ndefu na kuzianika karatasi juu ya kamba kama nguo za mtoto mchanga. Stensili, ile karatasi ya nta tuliyopigia taipu, nayo ukiigonga kwa hasira inatoboka, ukiigonga kwa woga haitoi kitu. Mimi niligonga kwa woga. Ukurasa wangu wa kwanza ulitoka mweupe kama nilivyoupokea.

Mhariri wetu alikuwa Mzee Gwakisa, mwalimu wa zamani, mrefu, mwenye koti moja la sufu lililonuka moshi. Aliutazama ukurasa ule, akaniambia, "Binti, umeandika vizuri. Sasa andika tena wengine nao waone." Hapo ndipo nilipompenda yule mzee.

Alituachia desturi mbili, na ninyi mmezirithi bila kujua zilikotoka. Ya kwanza, hakuna habari inayokwenda kwenye stensili kabla mwandishi hajaisoma kwa sauti mbele ya mwenzake ambaye hakuwapo kwenye tukio. Yule mwenzake kazi yake ni kuuliza maswali ya kijinga. Mwenyekiti gani? Shamba liko wapi? Nani kasema? Ya pili, gazeti likishatoka tulikaa wote kwenye meza ndefu, chai na ndizi za kuchemsha, na kila mtu alieleza jambo lililomtia hofu wiki ile. Mkuu ndiye aliyeanza. Mzee Gwakisa hakukubali kabisa mdogo atangulie. Alisema mdogo akianza atasema yale ambayo mkubwa anataka kusikia, na chai itakuwa imepotea bure.

Alipostaafu, kiti chake nikapewa mimi. Sijui waliwaza nini. Watu wa makamo walikuja kunipa hongera huku macho yao yakimtafuta mkuu mwenyewe nyuma yangu.

Haukupita muda nikapelekwa Mbeya kwenye semina ya wakuu wa vyumba vya habari wa nyanda za juu. Mkufunzi wetu alichora mishale mingi ubaoni. Juu kiongozi, chini watendaji, na mishale yote ilishuka. Alitufundisha kupanga kazi, kugawa madaraka na kuandika taarifa ya robo mwaka, na haya yalinifaa, simdharau. Lakini alirudiarudia kwamba kiongozi haonyeshi wasiwasi. Kila alipolisema hilo niliandika haraka na kulipigia mstari.

Wakati wa chai mwanamke mmoja mnene mwenye kicheko alinisogelea. Alikuwa Bi. Rehema, mkuu wa kigazeti kama chetu huko Njombe. Hakuniuliza jina wala ninakotoka. Alinitazama nilivyoshika kikombe, akaniuliza, "Wewe ni tumbo au kichwa?"

Nikamwambia tumbo.

"Mimi kichwa," akasema. "Yule mzee mwenye tai pale ni usingizi, hana kabisa."

Semina yangu ya kweli ilikuwa hiyo. Tulikubaliana kwamba jambo likitushinda tutapigiana simu. Simu zenyewe zilipita kwa opereta wa posta, ambaye tulimjua kwa jina na yeye alitujua kwa siri zetu zote, kwa hiyo tukapanga kusema kuna mvua mambo yakiharibika. Baadaye tuligundua mpango huo haufai kwa mtu wa Tukuyu. Kila nikipiga, Rehema alilazimika kuuliza, "Mvua ya kweli au ile nyingine?"

Sasa nifike kwa Tumpe.

Tumpe alikuwa mwandishi wangu bora, na nasema hivyo nikijua wengine mtanuna. Alikuwa ameolewa na mwalimu wa shule ya msingi, nyumba yao iko mjini, na ukoo wa mumewe uko upande wa Lufingo. Alipanda milima ya Nkunga kwa miguu, viatu mkononi ili visichakae, na kurudi na habari yenye kila kitu ndani mpaka rangi ya mbuzi. Desturi ya Mzee Gwakisa ilikuwa imemwingia kuliko wote. Kila kitu alikisoma kwa sauti: habari zake, za wenzake, tangazo la mnada, maandishi ya chupa ya dawa. Tulimtania kwamba hata barua za mumewe wakati wa uchumba lazima mtaa mzima ulizisikia. Alicheka tu, akaendelea kusoma.

Miaka ile ya ujamaa kila kijiji kilikuwa na shamba la pamoja, na kila shamba lilikuwa na ufunguzi, na kila ufunguzi ulitaka kuandikwa. Kijiji kimoja upande wa Lufingo kilikuwa kimetoka kwenye mgogoro mkali. Mwenyekiti wao wa zamani alikuwa ameondolewa kwa sababu alilikataa shamba la pamoja hadharani. Wakachagua mwingine. Huyu mpya ndiye aliyekuwa apande miche ya kwanza ya chai. Mwandishi niliyempangia aliugua, nikamtuma Tumpe. Nilimwona akisita mlangoni. Nilidhani ni mvua.

Alikwenda, akarudi na habari safi. Ila siku ile karatasi zilikuwa mbichi kupita kiasi, gari la kusambaza lilikuwa linapiga honi nje, na Tumpe akaitwa nyumbani mtoto anaharisha. Habari haikusomwa kwa sauti. Ipyana, msaidizi wangu, kijana makini kuliko mimi, aliichukua akaona kila mahali imeandikwa "Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji" bila jina. Sheria yetu ilikuwa kwamba kiongozi anatajwa kwa jina kamili. Akafungua toleo la nyuma, akalipata jina la mwenyekiti wa kijiji kile, akalijaza. Mimi nikaupitisha ukurasa.

Jina lenyewe lilikuwa la yule aliyeondolewa.

Kwa hiyo wilaya nzima ikasoma kwamba mtu aliyelikataa shamba la ujamaa ndiye aliyelifungua, kwa tabasamu, akiwahimiza wananchi kuongeza bidii.

Leo mnaweza kucheka. Siku hizo hatukucheka. Kabla ya saa ya chai nilikuwa nimeitwa kwenye ofisi moja iliyokuwa juu yetu. Ofisa aliyenipokea alikuwa mgeni wilayani, mtu wa pwani, bado anavaa sweta mbili. Alikuwa ameliweka gazeti mezani na kulipigia mstari mwekundu. Aliniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza, kama hili ni kosa au ni kazi ya mtu. Alitaka kujua nani kaandika. Nilimjibu nilivyofundishwa na Mzee Gwakisa, kwamba gazeti likishatoka, lililomo ni la mkuu. Akasema hilo ni jibu zuri la semina, lakini yeye anamtaka mwandishi, na mwandishi asiyejua au asiyetaka kuwataja viongozi wa kijiji hana nafasi kwenye gazeti la wananchi. Alitupa muda hadi mwisho wa wiki. Alimwita na mwenyekiti mpya pia, aje aseme kama ametukanwa.

Nilirudi ofisini nikamwita Tumpe pembeni. Nilimwuliza kwa nini hakuandika jina. Akainamisha kichwa. Nikamwuliza, haya, hilo jina ni nani, tulirekebishe. Akatikisa kichwa. Nikamweleza kwamba kazi yake iko hatarini, na huenda zaidi ya kazi, maana nyakati zile mtu akishaitwa mpinga maendeleo hakujulikana jambo litaishia wapi. Machozi yakamtoka lakini mdomo haukufunguka. Ningekuwa mimi ofisa, ningesema huyu ana hatia. Niliogopa sana, na nilimwogopea yeye kuliko nilivyojiogopea, maana mimi nilikuwa na cherehani ya baba ya kurudia.

Nikaenda posta kumpigia Rehema. Nikasema kuna mvua. Hakuuliza ni ipi, nadhani sauti yangu ilimwambia. Nilimweleza kwa mafumbo niwezavyo, opereta akisikiliza kwa makini. Rehema akasema, "Umemwuliza alichofanya. Mwulize anachoogopa. Na usimwulize peke yake kama askari, kaa naye mezani."

Basi siku iliyofuata nikaiita meza, ingawa haikuwa siku yake. Chai ikamiminwa. Nikaanza mimi, kama desturi. Niliwaambia ninaogopa gazeti litafungwa mikononi mwangu, Mzee Gwakisa asikie, na kwamba tangu jana chakula hakikai tumboni. Lilikuwa jambo gumu kusema mbele ya watu ambao mkufunzi wa Mbeya aliniambia wasione wasiwasi wangu. Ipyana akafuata. Akasema jina alilijaza yeye, na anaogopa Tumpe atafukuzwa kwa kosa lake. Fundi wa mashine akasema anaogopa mashine itapewa wilaya nyingine ambako hawatajua kuisemesha.

Kisha Tumpe akafunika kichwa chake kwa kitenge, na kutoka ndani ya kitenge akasema.

"Yule aliyepanda miche ni baba mkwe wangu."

Ipyana akaweka kikombe chini taratibu. Yeye na fundi ni Wanyakyusa, walielewa palepale. Mimi mtoto wa sokoni, niliyekuzwa kwa Kiswahili nyumbani, ilibidi nielezwe, ingawa nilikuwa nimesikia juujuu. Mke wa mtu hamtazami baba wa mumewe. Hakai naye chumba kimoja, wakikutana njiani yeye huingia migombani mpaka mzee apite. Na jina lake halitamki, wala neno linalofanana nalo. Siku ya shamba Tumpe alikuwa amejibanza nyuma ya ghala la kijiji, mgongo ukutani, akiandika hotuba ya mtu asiyemwona. Alitegemea kwamba atakapoisoma habari kwa sauti mwenzake atauliza mwenyekiti gani, naye amwelekeze kwa mtu wa kulitaja. Kama kawaida. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kwa maneno yanayofanana na jina hilo, bila sisi kugundua.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Dada Zuhura, ungesema mwandishi gani huyu asiyeweza kutaja watu. Na kazi hii naipenda."

Na huenda kweli ningesema.

Nilirudi kwa yule ofisa kumweleza, nikamwomba awasikilize Tumpe na mzee kila mmoja kwa wakati wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ofisi ya wananchi haiendeshwi kwa mambo ya ukwe, mila za kurudisha watu nyuma ndizo tunazopigana nazo, na wote watakuwa chumbani pamoja. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Mezani kwake alikuwa na vidonge vya tumbo, nilivitambua.

Siku yenyewe tulikwenda watatu: mimi, Ipyana na Tumpe. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Tumpe alivaa vizuri kama anayekwenda kanisani, na kitenge cha ziada begani. Ofisa akamketisha katikati ya chumba, akamtaka amtaje mwenyekiti wa kijiji kile. Tumpe akatazama sakafu. Akamwuliza tena, polepole, kama anayemsaidia. Nilitamani jina nilitaje mimi, nilitaje kwa sauti mpaka sokoni wasikie, yaishe. Lakini hakuwa ameniuliza mimi.

Ndipo tukasikia viatu barazani na kikohozi cha mzee. Tumpe akaruka kutoka kwenye kiti, akaenda kujikunyata kati ya kabati na ukuta, kitenge kichwani, uso ukutani. Ofisa akasema kwa ukali arudi alipokuwa. Hakurudi. Ipyana akainuka, akaenda kusimama mbele ya kabati kumkinga, na mimi nikajikuta nimesimama kando yake, sijui nilifikaje.

Mlango haukufunguliwa. Viatu vilirudi nyuma, vikazunguka, vikasimama chini ya dirisha, nje, manyunyuni. Tukauona mgongo wa koti na kofia. Mzee alikuwa ametupa mgongo, kama mkwewe alivyougeukia ukuta wa ndani.

"Ndaga, ndugu yangu," akasema kwa kuamkia. "Humo siingii. Mkwe wangu yumo."

Ofisa akamwambia aingie, ni amri. Mzee akajibu kwamba anaiheshimu amri na atasikia vizuri tu hapo alipo. Ofisa akabaki amesimama katikati ya chumba, hajui aongee na kabati au na dirisha. Mwishowe akaenda dirishani, akauuliza ule mgongo kama una malalamiko yoyote dhidi ya mwandishi aliyeacha kuandika jina la kiongozi wake.

Mzee akafikiri. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka ukingo wa kofia.

"Jina langu watu wa kijijini wanalijua," akasema. "Huyu binti angeliandika, hapo ndipo ningekuja kushtaki. Kwa nini mnamsumbua mtu aliyenipa heshima?"

Ofisa akauliza, na hilo jina la yule mwingine je?

"Ah, yule. Wiki nzima anatembea na gazeti mfukoni. Mwacheni, ni jirani yangu, naye anapalilia chai sasa."

Nyuma yangu, kutoka nyuma ya kabati, nilimsikia Tumpe akilia kwa kujizuia. Ofisa akavua sweta moja, akakaa, akaniambia tuchapishe masahihisho toleo lijalo, na kwamba tuondoke kwa mlango wa nyuma ili mzee aweze kuingia kujikausha. Tulipofika barabarani nikakaa kwenye ukingo wa mfereji na gauni langu zuri. Tumpe akakaa kando yangu. Kazi yake ilikuwa imebaki.

Masahihisho niliyaandika mwenyewe. Tangu hapo, kila ninapompa mtu kazi namwuliza kwanza: huko unakokwenda, kuna mtu usiyeweza kumtaja? Ninyi wote nimewauliza, na wengi mlifikiri ni utani wa mama mtu mzima. Miaka kadhaa baadaye mimi na Rehema tulipoitwa Mbeya kufundisha semina ileile tuliyofundishwa, sikuchora mishale. Niliwauliza wakuu wa vyumba vya habari swali hilo. Walicheka, wakaanza kutaja wakwe zao kwa mafumbo. Halafu kicheko kikapungua chenyewe. Nikaona mmoja anatazama dirisha, mwingine anachezea kalamu, na yule mzee wa usingizi, ambaye bado alikuwa na tai, akaomba tupumzike kidogo. Baada ya chai walianza kusema kweli. Nilikuwa nimeanza mimi, bila shaka.

Baba mkwe wa Tumpe alifariki miaka mingi baadaye, amekula chumvi. Tumpe aliandika tanzia yake, habari nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, akaileta mezani kwangu, na mahali pa jina ameacha nafasi wazi. Kifo hakiondoi mwiko ule. Nikachukua kalamu, nikajaza, nikaupeleka ukurasa kwenye mashine bila yeye kuuona.

Mtakuwa mmeshangaa kwamba katika kurasa zote hizi, mimi niliyewakaripia miaka yote kwa kuacha majina ya watu, sijaandika jina la mzee huyo, wala kijiji chake, wala jina la mtu ambaye tulimpa shamba lake kwa makosa. Si kwa usahaulifu. Rasimu hii, kabla ya kuja kwenu, itapita kwa mwenzangu ambaye yuko hai, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na macho yake bado yanafaa. Kesho asubuhi nitampelekea. Ataketi barazani, atavaa miwani, na ataisoma kwa sauti kutoka mwanzo, na nataka afike mwisho bila kusimama.